Kumpelekea Baba Kiti cha Kupigia Magoti

Ninyi wa karakana pale Igoma, na ninyi wa maombi ya Jumatano kule Buswelu, mmeniuliza swali lilelile wiki tatu sasa: mzee alikipokeaje kile kiti? Nimekuwa nikijibu "vizuri tu" na kuendelea kupiga randa. Hilo si jibu na mnalijua. Kusimulia kwa mdomo nimeshindwa, maana kuna mahali nikifika nabadilisha habari. Basi nimeandika. Someni, kisha mniache nifanye kazi.

Habari za tiketi na nauli nimeziruka. Kila mtu anajua kukata tiketi.

Igoma, kabla ya kuondoka

Kwa wasiomjua, baba yangu ni Mzee Aloisi, katekista mstaafu wa kigango kimoja kaskazini mwa kisiwa cha Ukerewe. Amefundisha watoto dini tangu mimi sijazaliwa. Somo lake la kwanza kwa mtoto yeyote halikuwa Baba Yetu, lilikuwa magoti. Mgongo wima, viganja vimekutana, visigino havikaliwi. Mtoto aliyejiegemeza kwenye visigino alichapwa nyayo kwa fimbo nyembamba, akaanza upya. Mimi nilichapwa kuliko wote, kwa sababu mtoto wa katekista hana utetezi. Baba alikuwa akisema mwili ndio unaotangulia kusali na mdomo hufuata nyuma, na kwamba mtu akianza kulegea kiunoni, ujue imani nayo imeanza kulegea.

Miaka sita iliyopita mama alifariki. Wakati huo nilikuwa nimeokoka mwaka mmoja tu, na nilikuwa wa moto kwelikweli. Kwetu, kama mnavyojua, tunasali tumesimama, wengine wanatembea huku na huku, mikono juu. Na tumefundishwa kwamba aliyekufa hasaliwi. Jioni ya mazishi watu walipiga magoti uani kumsalia mama rozari, wazee kwa wajukuu, hata jirani yetu mmoja mwenye goti bovu aliyekuwa ameshikilia kinu asianguke. Mimi nikasimama. Jamani, katikati ya watu waliopiga magoti, mtu mmoja aliyesimama anaonekana toka mbali. Baba alimaliza rozari yote bila kugeuka. Kisha akanifuata, akaniambia kwa sauti ya chini, "Kama magoti yako ni ya thamani kuliko mama yako, usiyalete tena hapa kwangu."

Kesho yake nikaondoka. Miaka ikapita, kila mmoja akimngoja mwenzake aanze. Maji yakimwagika hayazoleki, ndivyo nilivyojifariji, mtu mzima na akili zangu.

Mwaka huu, masika yalipokwisha, alinipigia mdogo wangu Faustini, ambaye ndiye anayeishi na baba. Baba aliteleza njia ya kisimani akavunjika nyonga. Hospitali walimtibu wakamruhusu, mfupa ukaunga vibaya, na sasa miguu haimbebi. Lakini si hilo lililomfanya Faustini apige simu.

"Kaka, baba hasali tena," alisema. "Huu ni mwezi wa nne. Padri alikuja na komunyo, baba akamrudisha nayo. Anasema Mungu haombwi na mtu aliyelala. Na magoti hawezi. Basi ananyamaza, anaangalia ukuta. Naogopa atakufa hivyohivyo."

Na mimi nikaogopa. Mtu aliyesali kila siku ya maisha yake, eti afe amemnyamazia Mungu kwa sababu ya nyonga. Hapo ndipo nilipopata wazo la kiti. Kazi yangu ni hiyo, madawati ya makanisa, mimbari, viti vya magoti vya maharusi. Mlikiona wenyewe: chini ubao wa magoti uliojazwa sponji, mbele kibao cha kuegemeza kifua, pembeni mikono miwili ya kushika, nyuma mikanda ya kumfunga kiunoni mtu asiye na nguvu za miguu, ili magoti yawe chini na mwili usianguke. Mninga mtupu, hakuna paini hata kijiti. Nilikifanyia kazi siku tisa. Faustini aliuliza kama ampime baba anitumie vipimo, nikamjibu, "Wewe pima mihogo. Baba yangu namjua."

Igoma hadi Bunda

Meli ya kwenda Nansio ilikuwa imesimama kwa matengenezo wiki ile, kwa hiyo nikazunguka na barabara: Bunda, kisha Kisorya, kivuko, halafu kisiwani. Ni safari ya siku moja. Mimi ilinichukua mbili.

Kondakta wa basi alikizunguka kiti mara mbili. "Mzee, hiki ni cha kinyozi?"

"Cha kusalia."

"Kinasali chenyewe?"

Abiria wa mbele wakacheka. Kwenye buti kilikataa kuingia kwa sababu ya ile mikono, basi tukakisimamisha nyuma kabisa, nami nikakaa kando yake kama mchungaji wa ng'ombe mmoja. Tulipita Kisesa, tukaiacha njia ya Bujora, tukapita Magu, na mbele kidogo ya Magu rejeta ikachemka. Tukashushwa wote na mizigo ya nyuma, maana vifaa vya dereva vilikuwa chini ya viti vya huko.

Jua lilikuwa kali. Kulikuwa na mama mmoja mjamzito, mimba kubwa, alikuwa amesafiri na mumewe kutoka Nyakato. Alikitazama kiti kwa muda, akaniuliza kama anaweza kujiegemeza. Nikamwambia ajaribu. Akapiga magoti kwenye sponji, akalaza kifua na mikono kwenye kibao cha mbele, akafumba macho, akatoa pumzi ndefu. Alikaa hivyo karibu nusu saa. Sijui kama alikuwa anasali au anapumzika, na sidhani kama yeye mwenyewe alijua. Alipoinuka alisema mgongo haujampa nafuu hivyo tangu mimba ianze.

Mumewe akanijia pembeni. "Dokta, hivi hospitali yenu iko wapi? Maana vifaa kama hivi huku kwetu hatuvioni."

Nilimwambia mimi ni seremala. Akatabasamu, akadhani nafanya unyenyekevu. Basi lilipotengamaa tukapanda, na kufika Lamadi nusu ya basi walikuwa wananiita dokta. Baba mmoja akaniletea bahasha ya picha ya mgongo wake, akaiinua kwenye dirisha nione. Nikaiona. Nikamwambia arudi kwa waliompiga picha hiyo, wao ndio wanajua zaidi. Akashukuru sana. Ni mara yangu ya kwanza kutoa ushauri wa kitabibu na naamini haukuwa mbaya.

Lakini rejeta ile ilitugharimu saa tano nzima barabarani. Bunda tuliingia giza limeshaanza, na gari la mwisho la Kisorya lilikuwa limekwenda. Nikampigia Faustini.

"Njoo tu," alisema. "Leo amekataa na uji."

Bunda

Asubuhi nilikula kwa mama lishe mmoja karibu na stendi. Nilikuwa mteja wake wa kwanza. Alikuwa anasonga ugali wa muhogo, mguu mmoja umekanyaga ukingo wa sufuria isizunguke, mikono yote miwili kwenye mwiko. Nikaona midomo inacheza.

"Bwana, asante kwa huyu wa kwanza," alikuwa anasema, bila kufumba macho, bila kupunguza mwendo wa mwiko. "Uwalete na wengine. Na mwanangu aliye kwenye mtihani, umtulize kichwa."

Nikaitikia amina kwa mazoea. Akanitazama, akacheka kidogo.

"Mama, unasali huku unasonga?"

"Nikiacha kusonga utakula mabonge."

"Na kupiga magoti?"

"Anapiga baba Neema," alisema, akimtaja mumewe. "Yeye ana nafasi."

Aliniwekea ugali na dagaa waliokaangwa na nyanya nyingi. Nilicheka, kisha kicheko kikanigeuka. Nilimkumbuka mama. Jioni zetu zote mama ndiye aliyekuwa wa mwisho kupiga magoti, kwa sababu alikuwa jikoni anaepua, na baba hakuanza sala mpaka mama aingie. Tulisubiri tumenyooka, mapaja yanatetemeka, tukisikiliza mfuniko unagonga sufuria. Akiingia, anajifuta mikono kwenye kanga, anashuka polepole. Ndipo baba anaweka ishara ya msalaba. Sikuwahi kufikiri kwamba ile ndiyo ilikuwa heshima yake kwa mkewe. Nilidhani anatutesa tu. Dagaa walikuwa watamu lakini nilishindwa kuwamaliza, na yule mama akaniuliza kama ameweka chumvi nyingi.

Kisorya na kivuko

Niliwahi Kisorya kabla ya saa sita, na hapo ndipo nilipokwama. Kivuko kilikuwa ng'ambo, upande wa Rugezi, na upepo ulikuwa mkali. Ng'ambo yenyewe unaiona kwa macho. Miti unaiona. Mtu mwenye mkono mrefu angedhani anaweza kuigusa. Tukakaa. Saa saba, saa nane, saa tisa. Nilimfuata kijana wa lango mara tatu, mara ya tatu nikampandishia sauti kwamba nina mgonjwa. Akaniuliza kwa upole, "Mzee, hapa nani hana mgonjwa?" Nikatazama foleni. Alisema kweli. Nikarudi nikakaa kwenye mzigo wangu kwa aibu.

Kivuko kilikuja saa kumi. Watu walijaa, ziwa bado limechafuka, rangi ya chai ya maziwa. Tulipoondoka tu kikaanza kutikisika, na kila mtu akaanza kusali kwa namna yake. Mbele yangu mwanamke alijifunika kanga kichwani. Kijana mmoja aliinua mkono mmoja juu, wa pili umeshika kuku. Mimi nilijaribu kusimama nisali kama tunavyosali kwetu, mikono juu, na kivuko kikanirusha begani kwa dereva wa lori. Nikakaa chini, nikashika chuma. Nikajaribu kusali nimekaa. Nawaambia ukweli, neno halikuja hata moja. Miaka saba nimefundisha mwili wangu kwamba sala ni kusimama na kupaza sauti, na siku ile viliponyang'anywa vyote viwili, sikuwa na mahali pa kuanzia. Nilitishika. Nikamwelewa baba kidogo, na sikupenda kumwelewa.

Bibi mmoja, mwembamba, rozari shingoni, alikuwa akitafuta pa kujishikiza. Tulisalimiana, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akauliza, "Hiki kinakaliwaje?"

"Hakikaliwi, bibi. Kinapigiwa magoti."

Uso wake ulibadilika. Hakungoja ruhusa. Alipiga magoti, akashika mikono ya kiti, na akaanza rozari kwa sauti, katikati ya magunia na pikipiki. Wenzake wakaitikia. Mimi nilikaa nimekunja mikono.

Alipomaliza fungu la kwanza akanigeukia. "Mwanangu, mbona umekunja mikono kama hakimu? Unakipeleka parokia gani?"

"Upande wa kaskazini," nikasema.

Haukuwa uongo. Ukweli nao haukuwa. Bibi akatangaza kivuko kizima kwamba kuna mtu anapeleka kiti kanisani kwa kujitolea, Mungu ambariki yeye na kizazi chake. Tulipofika Rugezi wanaume wanne waliniondolea kiti mikononi, wakakibeba wamenyooka kama wanabeba sanamu ya maandamano, mpaka kwenye guta, ile pikipiki ya mizigo ya matairi matatu, nililokodi. Mmoja alivua kofia. Ningesema ninakipeleka kwa baba yangu niliyemkosea siku ya mazishi ya mama. Sikusema. Nilipanda nikakaa kando ya dereva wa guta, na njia yote hadi Nansio na kuendelea nilikuwa nafanya mazoezi ya sentensi ya kwanza ya kumwambia baba. Nilitunga kama kumi. Zote zilikuwa mbaya.

Nyumbani

Tulifika jioni. Faustini alikuwa barabarani, amenenepa, ana mvi mbili tatu ambazo sikuziacha. Mkewe, Leokadia, alinipokea mkoba akasema mgeni njoo mwenyeji apone. Alisema kwa mzaha wa kawaida, kisha akatazama mlango wa chumba cha baba.

Baba alikuwa amelala ameuelekea ukuta.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Hakugeuka. "Nani?"

"Kalisti."

Nilisikia kuku wanapandishwa bandani nje.

"Umekula?"

Sentensi zangu zote kumi zikapotea. "Bado, baba."

"Leokadia, mpe chakula," alisema, na hayo ndiyo yakawa maneno yetu yote ya siku ile. Nilikula michembe na chai, viazi vile vilivyokaushwa ambavyo mama alikuwa akitufichia ndani ya mtungi, kisha sato na ugali. Baba hakula.

Asubuhi, baada ya Leokadia kumnawisha uso, tuliingiza kiti ndani. Baba alikitazama kwa makini. Akanyoosha mkono, akakipapasa ubavuni.

"Mninga."

"Ndiyo, baba."

"Umepiga misumari?"

"Hapana. Gundi na vigingi."

Akatikisa kichwa kukubali. Nilijisikia mtoto wa darasa la pili aliyepata tiki. Leokadia alisema nyonga ile itamuumiza, baba akamwambia nyonga ni yake. Basi mimi na Faustini tukamwinua, mmoja huku, mmoja huku.

Nilijua kabla hatujafika. Nilijua mikononi. Mtu niliyemshika hakuwa na uzito wa mtu niliyemtengenezea kiti. Nilikuwa nimempima baba wa miaka sita iliyopita, yule aliyesimama mbele yangu uani, mabega yameziba mlango. Huyu alikuwa amekwisha. Kibao cha kifua kilimfika puani. Mikanda niliivuta hadi tundu la mwisho, bado ilicheza, ikampanda mpaka makwapani. Magoti hayakugusa sponji. Alining'inia pale kama koti kwenye msumari, miguu inaelea, na akakaa akisubiri kwa subira tuone wenyewe.

"Hiki ni cha mtu mwingine," alisema.

Tukamrudisha kitandani. Nimefanya kazi ya useremala miaka ishirini na tatu na sijawahi kukosea kipimo hata cha kabati. Niliuliza msumeno. Faustini alisema kuna fundi wa mitumbwi anao, yuko kijiji cha tatu, akienda sasa atarudi mchana. Nikatazama uso wa baba, sikuona kama mchana ni kitu cha kuahidiwa.

Nikakosa uvumilivu. Nikamwambia, "Baba, Mungu anamsikia hata aliyelala. Padri mwenyewe amekwambia. Kwa nini unajitesa?"

Aligeuza kichwa. Ndipo aliponitazama usoni kwa mara ya kwanza.

"Nikisali nimelala," alisema, "wewe nilikufukuzia nini?"

Leokadia alitoka nje na beseni lililokuwa halina maji. Mimi nilisimama pale na futi yangu ya kupimia mfukoni, na nikaelewa kwamba miezi minne ile baba hakuwa akibishana na nyonga. Alikuwa akibishana na siku ile ya mama. Kama mwili si kitu, basi alimpoteza mtoto bure. Akaona bora anyamaze.

Nikapiga magoti. Chini, kwenye sakafu, kando ya kitanda. Tangu niokoke nilikuwa sijapiga magoti, na yalilia kama mlango wa zamani. Nikamwambia Faustini akunje blanketi aliweke mbele yangu, amshushe baba hapo. Akamshusha. Baba alipiga kelele moja fupi nyonga ilipokunjika. Nikapitisha mikono chini ya makwapa yake, nikamvuta, mgongo wake ukalala kifuani kwangu, magoti yake kwenye blanketi katikati ya yangu. Moyo wake ulikuwa unakwenda mbio.

"Tuache, baba?"

"Nyoosha mgongo," alisema. "Usikalie visigino."

Nikanyooka. Faustini na Leokadia nao wakapiga magoti. Baba aliinua mkono polepole, akaweka ishara ya msalaba, akasali. Sauti ilikuwa na kutu lakini maneno yalikuwa palepale alipoyaacha. Alisali Baba Yetu, alisali Salamu Maria, alimwomba Mungu msamaha kwa miezi minne ya kiburi, akaitaja hivyo, kiburi. Machozi yalinitoka yakawa yanamdondokea kichwani na sikuwa na mkono wa kuyafuta. Niliona kwamba nimefika. Safari yote ile, basi, kivuko, aibu zote, nikaona zimelipwa.

Kisha akaingia kwenye majina. Baba huombea watu kwa majina, walio hai kwanza, halafu marehemu. Alimtaja Faustini, akamtaja Leokadia, na watoto wao watatu, mmoja mmoja. Akawataja dada zetu wawili walioolewa Majita, na waume zao. Akamtaja padri aliyemrudisha na komunyo. Akamtaja hata jirani mwenye goti bovu. Akanyamaza kuvuta pumzi. Nikasubiri.

Akahamia kwa marehemu. Akamtaja mama, Anastazia. Akawataja wazazi wake. Akamtaja mdogo wetu aliyekufa kwa surua. Kisha akasema, "Na Kalisti, mwanangu."

Nikadhani amechanganya. Mgonjwa, hajala, maumivu. Lakini nilimsikia Faustini na Leokadia wakiitikia, wakiomba mwanga wa milele uniangazie mimi na marehemu wenzangu, na sauti zao hazikukwama. Hakuna aliyeshtuka. Hakuna aliyeinua kichwa kunitazama. Waliitikia jinsi mtu anavyoitikia kitu alichokiitikia kila jioni kwa miaka.

Mchana nilimkuta Faustini anamenya mihogo nyuma ya nyumba. Nikamuuliza, "Tangu lini?"

Alimenya mhogo mzima kabla ya kujibu. "Tangu wiki ile ya mama. Kaka, tungekwambiaje?"

"Na ana akili zake?"

"Anazo," alisema. "Anajua uko hapa. Ameniuliza kama umelala vizuri."

Siku ile baba alikunywa uji bakuli zima. Kesho yake padri aliitwa, akampa komunyo, baba akiwa amepiga magoti kifuani kwangu. Faustini alifurahi mpaka akachinja kuku. Kwa hiyo nikiwajibu kwamba mambo yalikwenda vizuri, siwadanganyi. Nilimwonyesha Faustini namna ya kumshika nitakapoondoka, mikono ipite wapi, uzito ukae wapi. Kiti nilikiacha ukumbini, Leokadia anaanikia nguo za watoto.

Nilikaa siku nne. Kila asubuhi nilipiga magoti nikamshika, naye akataja walio hai, akanyamaza kuvuta pumzi, nami nikasubiri. Hata ile siku ya nne, gari likiwa tayari linaningoja, nilisubiri. Halafu akavuka kwenda kwa marehemu, akanitaja huko, taratibu, kwa upendo ambao sijawahi kuusikia akinitajia nikiwa naye mezani, na mimi nikiwa nimemkumbatia ili asianguke, nikanyoosha mgongo, nikaitikia pamoja na wenzangu.